Si lazima uwe mzazi: Jumamosi hii mpeleke mtoto akaone wanyama

Acha nikuulize kitu, na unijibu ukweli. Mara ya mwisho wewe kukanyaga makavazi ilikuwa lini?

Najua. Darasa la tano au la sita. Mlipanda basi la shule, watatu watatu kwenye kiti cha wawili, mkaimba njia nzima mpaka sauti zikakauka. Mkafika, mkapangwa mistari miwili, mwalimu akawaonya msiguse kitu. Mkapita mbele ya nyoka mbio mbio kama watu wanaofukuzwa, mkala mkate na soda kwenye nyasi, mkarudi nyumbani. Basi. Umeishi jiji hili miaka yote hiyo, umepita Museum Hill mara elfu moja ukielekea Westlands kujibamba, na hata siku moja hujawahi kumwambia makanga akushushe pale.

Sikulaumu. Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka mwaka huu.

Kilichonizindua ni mpwa wangu. Ana miaka sita, yuko gredi ya kwanza, na mdomo wake haujui likizo. Muhula uliopita shule yao ilipanga safari ya kwenda kuona wanyama. Dada yangu alikuwa amelipa karo nusu, akalipa kodi ya nyumba, na kilichobaki kilikuwa cha unga. Pesa za safari hazikupatikana kufikia Ijumaa. Basi likaondoka. Mpwa wangu na wenzake wachache wakaachwa darasani na karatasi zilizochorwa tembo, wakaambiwa wapake rangi.

Jioni alinionyesha ile karatasi. Tembo alikuwa wa zambarau. Nikamuuliza, mbona zambarau? Akanijibu bila hata kuniangalia: "Anko, si sijui ako rangi gani."

Wee! Hiyo ilinikaa kifuani siku mbili.

Fikiria hili jambo. Mtoto huyu amezaliwa Nairobi, mji mkuu ulio na mbuga ya kitaifa ndani ya mipaka yake, mbuga iliyofunguliwa mwaka wa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117. Kuna watu wanapanda ndege saa nane kutoka Ulaya kuja kuona simba akiwa amesimama na majumba ya jiji nyuma yake. Na mtoto aliyelala kilomita chache kutoka pale anamjua simba wa katuni tu, yule anayeimba na kuongea Kiingereza.

Nilianza kwa kulaumu umaskini, kwa sababu ndio rahisi kulaumu. Halafu nikajishika. Nauli ya kwenda mjini mimi huwa nayo kila wikendi nikienda kutazama mpira. Shida ni kwamba kwenye ukoo wetu wote hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba kumpeleka mtoto kuona tembo ni kazi ya nyumbani. Tulidhani ni kazi ya shule. Na shule ikimwacha mtoto darasani, basi, ameachwa.

Hoja yangu leo ni hii. Kuwapeleka watoto wadogo kwenye makavazi na bustani za wanyama si anasa ya watu wa mitaa yenye lango na bawabu, na si lazima uwe umezaa ndio ikuhusu. Wewe mwenye miaka ishirini na kitu, usiye na mtoto lakini una mpwa, una mdogo wako, una mtoto wa jirani anayekuita anko au anti, hii ni kazi yako pia. Tena wewe ndiye mwenye miguu, mwenye simu ya kutafuta njia, na mwenye Jumamosi. Mama yao ana nguo za kufua.

Tembo si zambarau

Nilianza na Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi. Nilimchukua yule wa miaka sita na nduguye wa miaka mitatu. Kwenye matatu makanga aliniangalia, akawaangalia watoto, akaniuliza: "Buda, mama yao ako wapi?" Nikamwambia ako nyumbani amepumzika. Akacheka kama nimemwambia hadithi. Ndugu zangu wanaume, mjue tu hilo litawapata. Kijana wa kiume akitembea na watoto wawili mjini bila mwanamke, watu wanadhani ama ameachwa ama amewaiba. Vumilia. Wakikuona mara ya tatu watazoea.

Tuliposhuka, kitu cha kwanza tulichosimama mbele yake uani kilikuwa ni sanamu ya Ahmed. Kama humjui Ahmed, acha nikuambie. Alikuwa tembo wa Marsabit, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalum kwamba tembo huyo alindwe, akawekewa walinzi usiku na mchana ili majangili wasimguse. Alikufa mwaka wa 1974, kwa uzee, wala si kwa risasi. Sanamu yake ya ukubwa wake kamili imesimama uani, na mifupa yake halisi iko ndani, kwenye ukumbi wa wanyama.

Mpwa wangu alisimama chini ya zile pembe akanyamaza. Yeye! Kunyamaza! Kisha akasema, "Anko, si zambarau. Ni rangi ya matope." Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na kwa nini alikuwa na polisi?" Nikamwambia kuna watu waliotaka kumuua wachukue meno yake. Akafunika mdomo wake kwa mkono. Mwenyewe alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele wiki hiyo, kwa hivyo alielewa uchungu wa jambo hilo kuliko mimi.

Ndani kuna ndege waliokaushwa na kupangwa, na ukikumbuka Kenya ina zaidi ya aina 900 za ndege, utajua kwa nini mtoto wa miaka mitatu alikataa kutoka kwenye ukumbi ule. Lakini mahali ambapo mimi mwenyewe nilikwama ni kwa mambo ya kale.

Pale kuna habari za Mvulana wa Turkana. Ni mifupa ya mtoto aliyekufa takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ni miongoni mwa mifupa iliyokamilika zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana popote duniani. Alikuwa mtoto, rika la wale wa shule ya msingi. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo aliuliza kama naye alikuwa na mamake. Nikasema ndiyo, lazima alikuwa naye.

Halafu nikasoma ni nani aliyeiona. Mwaka wa 1984, Mkenya mmoja aitwaye Kamoya Kimeu alikuwa akitembea kandokando ya mto uliokauka, akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe, cha rangi ile ile ya mawe. Mtu mwingine angekikanyaga akapita. Kimeu hakuwa profesa. Alianza kama kibarua wa kuchimba, akajifunza kwa macho na mikono yake mpaka akawa kiongozi wa wachimbaji, na mwaka wa 1985 akapewa nishani ya National Geographic mkononi mwa Rais Ronald Reagan wa Marekani. Aliaga dunia mwaka wa 2022.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, pesa zilipoisha. Sitakudanganya kwamba hilo haliniumi. Nimesoma shule za nchi hii miaka kumi na minne na jina la Kamoya Kimeu nilikuwa nimelisikia mara moja tu, tena kwa kupitapita, kwenye swali la mtihani. Kusimama pale na watoto wawili wakinivuta suruali, nikisoma habari za mtu ambaye hakusoma sana lakini alijua kuangalia chini vizuri kuliko wenye digrii, ilinifaa mimi kuliko wao. Kwa hivyo usiseme unawafanyia watoto hisani. Utarudi na chako.

Simba alifanya nini?

Wiki mbili baadaye tulienda Lang'ata Road, kwenye kituo cha wanyama mayatima kilicho kwenye makao makuu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kituo hicho kilianzishwa mwaka wa 1964. Huletwa pale wanyama waliojeruhiwa, waliopoteza mama zao, au waliookolewa kutoka mikononi mwa watu. Baadhi hurudishwa porini wakipona. Wengine hawawezi tena kujitafutia, kwa hivyo wanabaki.

Tulifika mapema. Simba alikuwa akitembea nyuma ya waya, anaenda, anageuka, anarudi, anageuka. Yule wa miaka sita akamtazama muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika: "Anko, huyu alifanya nini ndio akafungwa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kazi hii si ya kupiga picha tu.

Kuna watu watakuambia usipeleke watoto kuona wanyama walio kwenye vizimba, kwamba unamfundisha mtoto kuwa mnyama ni kitu cha kufungiwa ili yeye afurahi. Hoja yao siipuuzi. Ukimwona chui akizunguka mahali padogo utaisikia mwenyewe bila kuambiwa. Lakini mimi nafikiri jibu si kumficha mtoto asione. Jibu ni kumwambia ukweli. Nilichuchumaa nikamweleza: huyu hakufanya kosa. Kuna wanyama hapa waliobaki peke yao wakiwa wadogo, na hakuna wa kuwafundisha kuwinda. Wakiachwa porini watakufa njaa. Akaniuliza, "Na ni nani aliua mama yao?" Nikamwambia wakati mwingine ni mnyama mwingine, wakati mwingine ni watu. Alifikiria. Kisha akasema watu ni wabaya. Nikamwonyesha yule kijana wa KWS aliyekuwa anabeba ndoo ya chakula, nikamwambia na yule pia ni mtu.

Hayo mazungumzo huwezi kuyapata kwenye katuni. Huwezi kuyapata hata kwenye safari ya shule, kwa sababu mwalimu mmoja na watoto arobaini hana muda wa kuchuchumaa.

Hapo kando kuna Nairobi Safari Walk, ile njia ya mbao iliyoinuliwa juu ambayo unatembea ukiwaona wanyama chini kwenye nafasi kubwa zaidi. Kwa mtoto anayesumbuliwa na waya na vizimba, hii ni afadhali. Mtafuteni bongo, yule swara mwekundu mwenye mistari myeupe. Bongo wa milimani anapatikana porini Kenya pekee, kote duniani, na waliobaki huko msituni wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Mwambie mtoto wako hivyo: hawa wote ukiwakusanya hawajazi mabasi mawili ya shule. Ataelewa.

Usianze kuniambia huna pesa

Najua unachofikiria. "Hizo ni raha za wenye doh." Sikiliza basi.

Siku ile ya kwanza, sisi watatu, nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio na vitafunio, nilitumia pesa chache kuliko ninazomaliza Ijumaa moja usiku na mabeshte. Chache kuliko nyama choma kilo moja na vinywaji vyake. Na kule moli, kwenye zile kasri za hewa za watoto kurukaruka, dakika thelathini unalipa, mtoto analia anataka tena, unalipa tena, ukitoka hana alichokuambia zaidi ya kwamba ana kiu.

Sikutajii bei za kiingilio kwa sababu hubadilika, na sitaki uniletee lawama langoni. Lakini jua mambo haya. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko wageni, kwa hivyo beba kitambulisho. Kwenye mbuga na vituo vya KWS, mtoto wa chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu, ni bure. Malipo yanafanywa kwa eCitizen, si kwa noti mkononi, kwa hivyo lipia nyumbani usiku wa kuamkia safari, wakati una bando na hakuna mtoto anayekuvuta. Nimewaona watu langoni wakipigana na mtandao nusu saa, mtoto juani.

Na kama hata hizo huna mwezi huu, jiji lina mahali pa bei ya chini kabisa. Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907, kiingilio chake ni kidogo sana na kuna kima wanaoruka juu ya miti siku nzima. Kwa mtoto wa miaka mitatu, kima mmoja anayeiba ndizi ni burudani kuliko simba aliyelala.

Ukiwa na mtoto anayependa magari, mpeleke Makavazi ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani ya treni. Atapanda juu ya injini za zamani za mvuke. Na pale kuna behewa lenye hadithi: mwaka wa 1900, katika stesheni ya Kima, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall alikuwa amejificha ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Akashikwa na usingizi. Simba akaingia ndani akamtoa. Behewa lenyewe ndilo hilo. Kwa mtoto wa miaka minane, hakuna filamu ya kulinganisha. Kwa wa miaka mitatu, hadithi hiyo iache mpaka akue, la sivyo utalala naye wewe.

Wasomaji wa Mombasa, nyinyi mna Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Mna pia Haller Park kule Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya saruji, pakapandwa miti mpaka pakawa msitu. Ndipo alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee sana aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake. Mtoto gani atachoka na hadithi hiyo? Wa Kisumu mna hifadhi ya swala kando ya ziwa, na makavazi yenye boma la Kiluo unaloweza kuingia ndani na kumwonyesha mtoto jinsi babu yake alivyoishi. Kwa hivyo usijifiche nyuma ya "hayo ni mambo ya Nairobi".

Niliyojifunza kwa kukosea

Usijaribu kuona kila kitu. Mara ya kwanza nilitaka thamani ya kila shilingi, nikawaburura kutoka chumba hadi chumba. Kufikia saa saba mdogo alikuwa amelala sakafuni, analia, na askari wa pale ananiangalia kama mimi ndiye nimempiga. Sasa tunachagua vitu vitatu. Tukivimaliza tukiwa bado na nguvu, tunaongeza cha nne. Tusipovimaliza, makavazi hayahami.

Nenda asubuhi. Wanyama wakali hulala jua likiwaka, na utakuwa umelipa kuona mgongo. Watoto pia asubuhi ni watu wazuri, mchana ni watu wengine.

Choo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Hata wakisema hawataki. Hasa wakisema hawataki.

Beba chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji ya kutosha. Lakini kule Lang'ata usile ukitembea. Tumbili wa pale hawana adabu, na nilimwona mmoja akimpokonya mtoto mfuko wa kripsi kisha akakaa juu ya paa akila huku anamtazama machoni. Ukiona ngiri anatembea huru karibu na maegesho, usimkimbilie ukapige naye selfi. Ni mnyama wa porini huyo, hata kama anafanana na mtu wa mtaani kwenu.

Beba leso. Itakuwa mbeleko, itakuwa mkeka, itakuwa mwavuli, itakuwa taulo.

Andika namba yako ya simu kwenye kikaratasi, ukitie mfukoni mwa kila mtoto. Mwonyeshe mtoto sare za walinzi, umwambie akipotea aende kwa mtu aliyevaa hivyo.

Na simu yako iweke mfukoni. Picha tatu zatosha. Mtoto anajua ukiwa upo na ukiwa haupo. Usigeuke mwalimu pia. Usimwambie "hii ni familia ya paka" kabla hajauliza. Muulize yeye: unafikiri anakula nini? Unafikiri usiku analala wapi? Ukikosa jibu la swali lake, sema hujui, mkatafute pamoja. Mpwa wangu aliniuliza kama nyoka huwa na shingo. Mpaka leo tunabishana.

Na wenye funguo wasikie

Sasa niongee na wakubwa kidogo, kwa sababu si haki kuwasukumia vijana mzigo wote.

Walimu wakuu, safari ya shule inayomwacha mtoto darasani kwa sababu ya pesa haimfundishi yule aliyebaki kuhusu tembo. Inamfundisha kwamba tembo ni wa wengine. Mtaala huu mpya unasema mtoto ajifunze kwa kuona na kutenda. Sawa. Basi fanyeni hesabu ya safari ambayo wote wataenda, hata kama ni ya mahali pa karibu, hata kama ni kutembea kwa miguu. Ama msiende. Nusu darasa kwenye basi na nusu darasa na karatasi ya kupaka rangi, hiyo si elimu.

Wanaosimamia sehemu hizi, tuwekeeni Kiswahili. Kwenye maeneo mengi ya aina hii hapa nchini, maandishi mengi yamewekwa kwa Kiingereza kigumu, tena juu, mahali mtu mzima anasoma kwa kuinua kidevu. Nyanya yake mtoto akija naye atamsomea nini? Weka sentensi mbili za Kiswahili chepesi, ziweke chini mtoto azifikie. Weka chumba safi cha kumbadilisha mtoto nepi, na kiwe mahali ambapo hata baba anaweza kuingia. Na tupeni siku moja kwa mwezi ambayo mtoto wa mtaani anaingia bila malipo akiwa na mtu mzima mmoja. Mtarudishiwa. Mtoto aliyeingia bure leo ndiye atakayelipa kiingilio kwa watoto wake, na ndiye atakayepiga kelele mtu akitaka kumega mbuga ajenge maghorofa.

Kuna jambo moja linaloniuma kila nikilifikiria. Wale simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898, hawako Kenya. Ngozi zao ziliuzwa miaka ya 1920 na sasa wamesimama wamekaushwa katika makavazi ya Field Museum, mjini Chicago. Mtoto wa Chicago anaweza kuamka Jumapili, ashikwe mkono na babake, akawaone. Mtoto wa Voi hawezi. Watu wengi hulalamika kuhusu hilo, na wana haki, warudishwe. Lakini kabla hatujapiga kelele sana tujiulize: tukirudishiwa kesho, tutampeleka nani kuwaona? Wale tulio nao tayari, Ahmed, Mvulana wa Turkana, bongo, tumempeleka nani?

Vitu hivi havitakaa milele kwa sababu sheria imesema vikae. Vitakaa kwa sababu kuna watu walioviona wakiwa wadogo na wanakataa viondolewe. Kizazi ambacho hakijawahi kumwona bongo hakiwezi kumlilia akiisha. Hakitajua hata kwamba ameisha.

Kwa hivyo kazi yako ni ndogo. Leo jioni mpigie dada yako, au kaka yako, au gonga mlango wa jirani. Sema: "Jumamosi nitawachukua watoto asubuhi, nitawarudisha saa tisa." Ngoja waache kucheka. Halafu chemsha mayai.

Sisi Jumamosi hii tunaenda kuwaona wale tembo mayatima wa Sheldrick, wale wanaoonyeshwa kwa saa moja tu, kuanzia saa tano mpaka saa sita mchana, na ni lazima uweke nafasi mapema. Nimeshaweka. Mpwa wangu ameichukua ile karatasi ya shule, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa gauni lake. Nikamuuliza ya nini. Akasema anataka kuwaonyesha ile zambarau, wacheke.